Fulana ya Mei Mosi na vumbi la jinari

Fulana za Mei Mosi huishi kuliko sherehe yenyewe. Asubuhi ya Mei 1 huvaliwa zikiwa bado na mikunjo ya dukani kifuani, zikipita nyuma ya mabango katika barabara za mji wa Bariadi: walimu na za kwao, wauguzi na za kwao, watu wa halmashauri na za kwao. Jioni hufuliwa. Baada ya wiki chache, msimu wa pamba ukishafunguliwa, huonekana tena mashambani na kwenye maghala ya AMCOS, vyama vya msingi vya ushirika wa wakulima, migongoni mwa wadogo, wapwa na mashemeji, kaulimbiu ya mwaka imeshaanza kufifia kwa jua na jasho. Si ajabu kumkuta kijana anayebeba magunia ya pamba mbegu kwenye jinari, yaani kiwanda cha kuchambua pamba, amevaa fulana ya walimu aliyopewa na dada yake. Mgongoni mwake pameandikwa madai ya mishahara bora na mikataba ya hali bora. Yeye mwenyewe hana chama wala mkataba mkononi, na hajui kama kesho jina lake litaitwa getini.

Muulize kijana huyo kuhusu vyama vya wafanyakazi. Jibu lake litafanana na la dereva wa bodaboda wa stendi, la mama anayeuza samaki wa Lamadi sokoni na la mwenye duka la viuatilifu: "Wale wa fulana?" Kisha kicheko. Katika mazungumzo ya kijiweni, mwanachama wa chama cha wafanyakazi ni mtu anayependa migomo na kukwepa vipindi, mpinzani wa serikali aliyejificha nyuma ya chaki. Papo hapo ni mtu aliyelala, anayekatwa fedha kila mwezi bila kuuliza zinakokwenda. Hakuna anayejali kwamba sifa hizo hazikai chungu kimoja. Mchochezi halali kama gogo.

Kila sifa ina asili yake, na asili hizo zinafaa kujulikana kabla ya kuendelea kucheka.

Sifa ya uchochezi ilitoka bandarini. Januari 1947 wafanyakazi wa Mombasa waligoma, mji ukasimama karibu wiki mbili. Septemba mwaka huohuo makuli wa bandari ya Dar es Salaam nao waliweka mizigo chini, na mgomo ukaifuata reli kuelekea bara. Kwa serikali ya kikoloni hao walikuwa watu waliopandikizwa maneno. Hata hivyo iliwalazimu wakubwa kuketi na kuyachunguza madai yao, na mishahara ikapanda kote kuwili. Huko Nairobi, Makhan Singh, aliyekuwa akiunda vyama vya wafanyakazi tangu 1935, alikamatwa Mei 1950, akatolewa kizuizini mwaka 1961. Alikuwa amethubutu kuwaweka Wahindi na Waafrika katika chama kimoja, na wiki chache kabla ya kukamatwa alisimama hadharani kudai uhuru wa Afrika Mashariki.

Tanganyika ilipata shirikisho lake la vyama vya wafanyakazi, TFL, mwaka 1955. Katibu Mkuu wake alikuwa Rashidi Kawawa, mtumishi wa serikali ambaye watu wengi walikuwa wamemfahamu kwanza kama mwigizaji wa filamu ya Muhogo Mchungu. Wafanyakazi wa kiwanda cha bia walipogoma Dar es Salaam mwaka 1958, wanywaji wengi waliunga mkono kwa kuisusa bia yenyewe, jambo ambalo kila mwenye baa atakubali kwamba si dogo. Januari 1962 Kawawa akawa Waziri Mkuu. Mtu ambaye wakoloni walimweka katika fungu la wachochezi alikabidhiwa nchi.

Usingizi nao una tarehe zake. Mwaka huohuo wa 1962 ilipitishwa sheria ya utatuzi wa migogoro ya kazi iliyoufanya mgomo halali kuwa kitu cha kwenye karatasi. Januari 1964, baada ya maasi ya jeshi, viongozi wengi wa vyama waliwekwa ndani. TFL ikavunjwa, ikaundwa NUTA, chama kimoja kwa wafanyakazi wote, Katibu Mkuu wake akiteuliwa na Rais. Wa kwanza, Michael Kamaliza, alikuwa pia Waziri wa Kazi. Mfanyakazi mwenye malalamiko dhidi ya serikali alitetewa na waziri wa serikali hiyohiyo! Mwaka 1978 NUTA ikageuka JUWATA, jumuiya ya chama tawala, na utaratibu huo ulidumu hadi shirikisho la OTTU lilipozaliwa mwaka 1991. Chama cha Walimu Tanzania, CWT, kilisajiliwa mwaka 1993. TUCTA, shirikisho la sasa, ni la mwanzoni mwa karne hii.

Kwa hiyo mwalimu aliyestaafu Maswa mwaka 1990 alifanya kazi miaka mingi akiwa na chama kimoja tu cha kuingia, apende asipende. Akiwasimulia wajukuu kwamba vyama hivi ni vya kukata hela, anasema alichokiona. Kosa ni la wale wanaolirudia simulizi lake leo kana kwamba hakuna kilichobadilika.

Maana vilipoamka, vilipigwa mawe kwa kuamka. Mwaka 2010 TUCTA ilitangaza mgomo wa nchi nzima ikidai kima cha chini cha shilingi 315,000. Mei 3, Rais Jakaya Kikwete aliwakusanya wazee wa Dar es Salaam katika ukumbi wa Diamond Jubilee, akaupinga mgomo huo hadharani, na watu wakaondoka na hadithi ya mbayuwayu ambayo mpaka leo haijaisha vijiweni. Mgomo haukufanyika. Miaka miwili baadaye, Julai 30, 2012, walimu waligoma kweli, wakidai nyongeza ya asilimia 100, posho za kufundishia, na asilimia 30 kwa wanaofanya kazi katika mazingira magumu. Agosti 2, Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, iliamuru warudi darasani. Wakarudi. Mgomo wa siku nne katika miaka mingi, na bado mwalimu anaitwa mgomaji.

Dai lile la mazingira magumu lilistahili kusikika kuliko lilivyosikika, hasa kwa mtu wa Simiyu. Mwalimu wa kijiji cha ndani Meatu akiwa na shida ya mshahara hufunga safari hadi Mwanhuzi. Wa Itilima huenda Lagangabilili. Kwenda na kurudi ni nauli ya bodaboda, vumbi wakati wa kiangazi, tope zito jeusi wakati wa masika, na siku nzima ambayo darasa limekaa bila mtu. Akifika anaambiwa anayehusika yuko semina. Ndipo wenye ofisi zao mjini hukumbuka kumwambia kwamba ualimu ni wito. Wito hauna nauli.

Wasukuma, kwa kweli, hawakungoja TFL iwafundishe umoja wa kazi. Vijiji vyao vilikuwa na elika, kundi la vijana la kulima pamoja, likiongozwa na nsumba ntale waliyemchagua wenyewe. Mwenye shamba aliyetaka kulimiwa hakwenda kumrubuni kijana mmoja kwa bakuli la uji. Alizungumza na kiongozi wao, na malipo yakawa ya kundi, yawe mbuzi, ng'ombe au chakula. Aliyechelewa shambani alitozwa faini na wenzake. Ngoma na majembe vilikwenda pamoja, na kundi lililolima vizuri lilijulikana hadi vijiji vya mbali. Ondoa ngoma, weka fomu na mihuri, kinachobaki ni chama cha wafanyakazi: mwakilishi aliyechaguliwa, bei moja iliyokubaliwa, nidhamu ya ndani.

Hata pamba yenyewe ina hadithi ya namna hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mkulima wa Usukuma alifika kwa mnunuzi na mzigo wake, mnunuzi akausoma mzani, mkulima akapokea alichopewa. Manung'uniko kuhusu mizani yalikuwa kila mahali, lakini mtu mmoja na gunia lake anabishana vipi na mzani wa mwenye jinari? Wakulima waliungana, wakaanza kupima wenyewe, na chini ya Paul Bomani vikundi hivyo vikazaa mwaka 1955 Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, VFCU, moja ya mashirika makubwa ya ushirika barani Afrika wakati wa uhuru. Serikali ilivivunja vyama vikuu vya ushirika mwaka 1976, ikavirejesha kwa sheria ya 1982, na baada ya mapito mengi mkulima wa Bariadi leo anauza kupitia AMCOS iliyo chini ya chama kikuu cha SIMCU. Ushirika huo una dosari zake, tena nyingi. Mwaka 2019, bei elekezi ikiwa shilingi 1,200 kwa kilo, wakulima wengi walikaa miezi wakingoja malipo. Walilalamika, walikasirika, waliwasema makatibu wao kwa majina. Lakini hakuna aliyependekeza turudi kwenye mzani wa mtu mmoja na gunia lake.

Sasa ishikwe slipu ya mshahara ya mwalimu, maana hapo ndipo ugomvi wa leo ulipo. Tuseme mshahara ni shilingi 800,000. Mfuko wa pensheni, PSSSF, unachukua asilimia 5, yaani 40,000. Bima ya afya asilimia 3, ni 24,000. Kama alisoma chuo kwa mkopo, Bodi ya Mikopo inachukua asilimia 15, yaani 120,000. Kodi ya mapato ina fungu lake. Halafu chini kabisa, mstari wa CWT: asilimia 2, shilingi 16,000. Katika mistari yote hiyo huu ndio unaotukanwa zaidi, ingawa ndio mdogo kuliko wote. Sababu inaeleweka. Bima inaonekana siku ya kuumwa, pensheni siku ya kustaafu, mkopo uliliwa na unakumbukwa. Ada ya chama inaonekana Mei 1, ikiwa imeshonwa mikono na kola.

Kwa mwaka ni shilingi 192,000. Kwa bei ile ya 2019 hizo ni kilo 160 za pamba, mgongo wa mtu mzima unajua uzito wake. Mwalimu ana haki ya kuuliza anapata nini.

Anapata, kwanza kabisa, mtu wa kufuatilia faili. Kazi hii haina matarumbeta. Baada ya uhakiki wa watumishi wa 2016 upandaji madaraja ulisimama, na walimu waliokuwa wamefikia zamu yao walijikuta wakiachwa nyuma na muda. Waliolipwa kidogo kuliko walivyostahili walibaki na madai ya malimbikizo. Serikali ilipokuja kurekebisha mambo, likazaliwa neno ambalo kila mwalimu wa shule ya msingi analijua: mserereko. Yaani kupandishwa ili kufidia daraja ulilolikosa. Lakini mserereko haujileti. Lazima majina yaorodheshwe, barua za ajira na za kupandishwa zipatikane, tarehe zilinganishwe, aliyerukwa aandikwe upya. Katibu wa chama wa wilaya anayejua kazi yake ndiye anayeingia ofisi ya utumishi na bahasha ya watu 40 badala ya kila mmoja kuja na ya kwake. Mwalimu anayepewa hati ya mashtaka ya utoro kazini, hali alikuwa hospitali na mtoto, anahitaji mtu aliyewahi kuisoma sheria, akae pembeni yake siku ya shauri. Matokeo ya kazi kama hiyo hayaandikwi gazetini. Mwalimu anabaki kazini tu, na wanafunzi wake hawajui kwamba nusura wampoteze.

Pili, anapata kiti mezani, na hapa mambo yana uchungu kidogo. Mifuko ya hifadhi ya jamii ilipounganishwa mwaka 2018, kanuni mpya za kikokotoo zilitaka mstaafu alipwe mkupuo wa asilimia 25 tu ya mafao yake, mengine yawe pensheni ya kila mwezi. Kwa watumishi waliozoea asilimia 50 hiyo ilikuwa nyumba isiyomalizika. Vyama vilipiga kelele, na Desemba 28, 2018 Rais John Magufuli alikutana na viongozi wake na kuzisimamisha kanuni hizo. Mazungumzo yaliendelea hadi 2022, ikaafikiwa asilimia 33 kwa wote. Walimu wengi walivilaumu vyama vyao vikali: wa asilimia 25 walipanda, lakini wao walishuka kutoka 50. Lawama hizo zilisikika. Katika bajeti ya Juni 2024 mkupuo uliongezwa hadi asilimia 40 kwa waliokuwa wakipata 50, na 35 kwa wengine. Bado hawajafika walikotoka. Lakini atakayelinganisha 25 na 40 kwa mwalimu mmoja anayestaafu Bariadi ataona tofauti ambayo asilimia 2 zake za miaka 30 haziwezi kuifikia.

Hata nyongeza ya Mei Mosi 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alipotangaza Singida kwamba kima cha chini cha watumishi wa umma kingepanda kwa asilimia 35.1, kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000, haikudondoka jukwaani siku ile. Takwimu kama hizo hupikwa miezi mingi katika vikao ambavyo kijiwe hakivioni.

Haya yote hayawaondolei viongozi wa vyama lawama zinazowastahili. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaruhusu chama chenye wanachama wengi mahali pa kazi kukubaliana na mwajiri kwamba hata asiye mwanachama akatwe ada ya uwakala, kwa sababu naye anafaidi kinachopatikana mezani. Hoja ina mantiki, ila imewazoeza baadhi ya viongozi kupokea fedha bila kuziomba. Chama kisichoomba hueleza kidogo. Mwalimu wa Ngulyati hajui hesabu za chama chake zilizokaguliwa zinasemaje, ila anajua rangi ya fulana ya mwaka huu. Kujitokeza kwa vyama vingine vya walimu kumeanza kuwatingisha waliozoea, na hilo ni jambo jema. Na ule ukaribu wa vyama na serikali alioufungulia njia Kamaliza haujaisha kabisa: Januari 2023 Rais wa CWT na Katibu Mkuu wake waliteuliwa kuwa wakuu wa wilaya. Hawakuzichukua nafasi hizo. Miaka 60 kabla, kukataa huko kungekuwa jambo la ajabu.

Dawa ya udhaifu huo haiko kijiweni. Wanaopiga kelele kuhusu 16,000 ni wengi kuliko wanaohudhuria mkutano wa uchaguzi wa chama ngazi ya shule, na mwakilishi aliyepita bila kupingwa kwa sababu hakuna aliyetaka usumbufu hana wa kumwogopa. Elika ilimtoza faini mchelewaji. Walimu wangejaribu walau kuwatoza viongozi wao maswali.

Tatizo kubwa zaidi la vyama vya wafanyakazi mkoani Simiyu, hata hivyo, si walimu wala wauguzi. Hao wanacho chama, kizuri au kibovu. Tatizo ni yule kijana wa getini mwenye fulana ya dada yake.

Simiyu, mkoa uliozaliwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Shinyanga, ndio unaoongoza nchini kwa pamba. Pamba inapoanza kumiminika, viwanda vya kuchambua vinahitaji mikono mingi kwa muda mfupi: wa kupakua, wa kusukumia pamba kwenye mashine, wa kufagia mbegu, wa kufunga marobota na kuyapanga. Mashine zikishawaka hufanya kazi usiku na mchana. Ndani hewa ni nyeupe. Nyuzi ndogondogo hukaa kwenye nyusi, kwenye kope, ndani ya masikio. Wengine hujifunga kitambaa au kipande cha khanga puani. Wataalamu wa afya ya kazini wanaufahamu ugonjwa wa mapafu unaoletwa na vumbi la pamba, bisinosisi, ambao una ishara moja ya ajabu: kifua hubana zaidi siku ya kwanza ya kurudi kazini baada ya mapumziko, ndiyo maana kwa wenzetu wenye viwanda vya zamani uliitwa homa ya Jumatatu. Kibarua wa jinari akibanwa kifua Jumatatu husema ni mafua.

Sheria ileile ya 2004 ina mambo yake kama angeyajua. Kazi ya usiku, kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, inaongezewa asilimia 5 ya mshahara kwa kila saa. Saa za ziada hulipwa mara moja na nusu. Wiki ya kawaida haizidi saa 45. Fidia ya kuumia kazini, kupitia mfuko wa WCF, hailipiwi na mfanyakazi hata senti moja. Mchango ni wa mwajiri. Mwajiriwa wa msimu anatajwa waziwazi kwamba naye ana haki ya likizo yenye malipo.

Lakini sheria hiyohiyo ina tundu, na tundu hilo linalingana kabisa na umbo la msimu wa pamba. Kinga dhidi ya kuachishwa kazi isivyo halali haimhusu aliyefanya kazi chini ya miezi 6 kwa mwajiri huyohuyo. Msimu wa kuchambua mara nyingi huisha kabla ya hapo. Aliyekohoa sana, aliyeuliza malipo ya usiku, aliyeanguka na robota, anaweza kuambiwa asirudi kesho, na mlango wa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ukawa mgumu kuufungua. Kuna mwanya hata hapo: kifungu kinasema miezi 6 hiyo inaweza kuwa chini ya mkataba mmoja au zaidi. Kwa vijana wanaorudi jinari ileile mwaka baada ya mwaka, mtu mwenye ujuzi angeweza kujenga hoja kwamba misimu hiyo ihesabiwe pamoja. Nani ataijenga? Kibarua mmoja hawezi kumweka wakili kwa ujira wa siku. Hiyo ndiyo kazi ya chama.

Atazamwe kila anayeshika pamba hiyo. Mkulima ana AMCOS na SIMCU. Wanunuzi na wenye viwanda wana Chama cha Pamba Tanzania, na waajiri kwa jumla wana ATE, chama chao kilichokuwapo tangu kabla ya uhuru. Dereva wa bodaboda anayemleta kibarua getini ana kijiwe chenye mwenyekiti, mweka hazina na mchango wa msiba. Mama anayeuza chai na maandazi pale nje yumo kwenye kikoba. Hakuna anayewacheka wenye viwanda kwa kuwa na chama, wala kuwaita wachochezi wanapokwenda Dodoma kwa pamoja kuzungumzia bei na tozo. Mmoja tu, yule aliyejaa nyuzi nyusini, ndiye anayefika peke yake mbele ya mwajiri, na ndiye anayeambiwa umoja ni fujo.

Wanaohofia kwamba chama kitazifunga jinari wana hofu ya kweli, maana kazi ni chache na vijana ni wengi. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 2,140,497 Simiyu, kutoka 1,584,157 miaka kumi kabla. Lakini mgomo katika sheria ya Tanzania una ngazi ndefu: usuluhishi kwanza, kisha kura ya wanachama, kisha notisi ya saa 48. Chama kipya cha vibarua kingeanza na vitu vidogo zaidi: barakoa za vumbi, orodha ya majina inayobandikwa ukutani ili msimu ujao wa zamani waitwe kwanza, na asilimia 5 ya usiku iandikwe kwenye karatasi ya malipo. Hakuna jinari itakayofilisika kwa barakoa.

TUICO, chama cha wafanyakazi wa viwanda na biashara, na TPAWU, cha wa mashambani na kilimo, vina sababu nyepesi ya kutokuwapo getini: kibarua analipwa taslimu, hana orodha ya mishahara ya kukata ada, na akishajaza fomu TUF 6 ya kuidhinisha makato, msimu umekwisha. Ni sababu ya mhasibu. VFCU haikuwa na orodha ya mishahara ya wakulima. Ilianza na mzani.

Sheria inataka wafanyakazi 20 tu kuanzisha chama kipya. Kuingia kilichopo kunahitaji mmoja. Makatibu wa TUICO na TPAWU wa Kanda ya Ziwa wasingoje Mei Mosi nyingine. Waje Bariadi msimu ukifunguliwa, wasimame nje ya geti saa 12 asubuhi, zamu ya usiku inapotoka na nyuzi nyusini na ya mchana inaposubiri kuitwa majina, wakiwa na fomu, kalamu na nakala ya sheria kwa Kiswahili. Fulana wasibebe. Pale getini zipo tayari.